Watoto wa Banda la Pareto

Kabla sijapanda Mau Narok nilijiona msichana aliyekwisha kuona shida za dunia. Nilizaliwa Nakuru, Bondeni, katika nyumba za Waislamu ambako vumbi jeupe la ziwani liliingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Niliwajua ombaomba wa stesheni ya reli. Niliwajua wagonjwa waliokaa mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Wanawake kutoka mashambani walipita kwetu na watoto mgongoni wakiuliza kama kuna nguo za kufua, na mama yangu aliwapa chai na kiporo. Nilidhani huo ndio umaskini wenyewe, na kwamba nilikuwa nimeujua mpaka mwisho wake.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mmoja wa wateja wake alikuwa memsabu mmoja mjane, mwenye shamba la ngano na pareto huko juu Mau Narok. Alivaa suruali za marehemu mumewe, na ndizo alizomletea baba azipunguze kiuno. Siku moja, akingojea suruali, alimwuliza baba kama anamjua msichana anayejua kusoma na kushona, asiyeogopa baridi. Alitaka kufungua nyumba ya kulelea watoto mchana. Mama zao walishinda shambani wakichuma pareto, akasema, na watoto walibaki wenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikishona vifungo. Baba alinitazama, kisha akamtazama memsabu.

"Msichana hapandi mlima peke yake," akasema. "Ataenda na dada yangu."

Dada yake huyo, shangazi yangu, alikuwa ameachika mara ya pili na akiishi nasi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya mwadhini, na hakuwahi kuzaa. Aliposikia habari za safari alisema huko juu kuna baridi ya kuua paka, na kwamba hapana mtu mwenye akili anayetoka kwake kwenda kupangusa makamasi ya watoto wa watu. Kisha akaenda ndani kufunga mizigo.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Vita vya Mau Mau vilikuwa msituni, na kila Mkikuyu, hata bibi kizee wa kuokota kuni, alitazamwa kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Tulipanda kwa lori lililokuwa limeshusha maziwa mjini na sasa linarudisha mikebe mitupu. Askari walitusimamisha njiani, wakapekua mizigo, wakatuacha. Kila tulipozidi kupanda shangazi aliongeza kanga nyingine juu ya ile aliyovaa, hata tulipofika alikuwa amezivaa zote.

Memsabu alitupa banda la zamani la kukaushia pareto, yale maua meupe yanayotengenezewa dawa ya wadudu. Harufu yake ilikuwa bado imo kwenye mbao, kavu, ya kukwaruza koo. Sifa yake moja ilikuwa kwamba hapana nzi aliyethubutu kuingia. Tulifagia, tukatandika magunia, tukawasha moto nje na kukoroga uji wa kutosha watoto wa shamba zima. Tukakaa kungoja.

Hakuja mtoto hata mmoja.

Jua lilipopanda, shangazi alisema, "Kama mgeni haji kwenye karamu, karamu imfuate." Tukajaza uji kwenye birika kubwa, tukashuka bondeni kwenye vibanda vya vibarua, mahali walipopaita laini. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa nje. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na moshi. Nilikuwa nimekwisha kugeuka nirudi, shangazi akanishika mkono.

"Sikiliza."

Nilisikia kitu kama ukucha unaokwangua bati. Kilikuwa kinatoka ndani ya kibanda kilichokuwa karibu yetu. Niliondoa kijiti mlangoni, nikaingia, na kwanza sikuona kitu, maana ndani mlikuwa na giza na moshi wa jana. Kisha nikaona macho.

Alikuwa mtoto wa kike, labda wa miaka mitatu. Alikaa chini karibu na nguzo ya katikati, na mkononi alishika mkebe mtupu aliokuwa akiukwangua. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, na mwisho wa ukanda ulikuwa umefungwa kwenye nguzo. Nilitazama ukanda, nikautazama tena. Akili yangu ilikataa. Nilitafuta mbuzi pale ndani, kana kwamba mbuzi ndiye aliyefungwa na mtoto amejikwaa tu kwenye kamba yake.

Tulipoingia hakulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko ukanda. Mtoto anayewaona watu wageni mlangoni pake na halii, huyo amekwisha kuacha kutegemea kwamba kulia kunaleta mtu.

Nilipiga magoti nikamfungua. Fundo lilinishinda mara kadhaa. Ngozi ya kifundo chake ilikuwa imekuwa ngumu kama kisigino. Nikarudi mlangoni, nikamimina uji kwenye kikombe, nikamwonyesha. Akasimama, akaja haraka haraka mpaka katikati ya nyumba, na hapo akasimama kama aliyegonga ukuta. Alinyoosha mkono. Vidole viliishia hewani. Ukanda ulikuwa chini, nyuma yake, haumgusi, na bado hakuweza kupita.

"Ya Rabi," akasema shangazi.

Nilimpelekea kikombe alipokuwa. Alikunywa mpaka nikaogopa ataumia. Hatukuweza kumchukua bila idhini ya mzazi wake, wala hatukuweza kumwacha, kwa hiyo tulikaa naye ndani ya kibanda mchana kutwa, shangazi akimwimbia na mimi nikiangalia ule ukanda. Nilipanga maneno ya kumwambia mama yake. Yalikuwa maneno makali, na kila saa iliyopita niliyanoa zaidi.

Mama mwenyewe alikuja jua likianza kuegemea, kuni mgongoni, mikono imechubuka kwa pareto. Hakuwa amenizidi umri sana. Alipoona mlango wazi alidondosha kuni, akaingia mbio, akatukuta tumekaa na mtoto amelala kwenye paja la shangazi. Alitazama nje kwanza, kuona kama tumekuja na askari.

"Nyinyi ni nani? Nani amefungua mtoto?"

"Mimi," nikasema. "Mtu gani anamfunga mtoto kama mbuzi?"

Hakunijibu kwa hasira. Alionyesha kwa kidole mafiga matatu yaliyokuwa nyuma yangu.

"Wa kwanza sikumfunga," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza wa kwanza nani.

"Mtoto wangu wa kwanza. Nyapara hataki watoto kwa shamba, anasema wanakanyaga maua. Nikamwacha amelala. Moto nilikuwa nimefunika na majivu. Nikarudi saa hii, kama sasa." Aliendelea kuonyesha mafiga. "Alikuwa hapo."

Nilikuwa nimekaa mgongo wangu karibu ugusane na mafiga yale. Niliruka nikasimama. Yule mama alikuwa amerudi nje kuokota kuni zake, moja moja, kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa njia na akaelekeza.

Shangazi alisema kwa sauti ya chini, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Akamlaza mtoto, akatoka akamsaidia kuokota. Nilimsikia akimwambia, "Kesho mlete kwetu juu. Nitakaa naye mimi mwenyewe. Akiungua hata kidole, uje unitie mimi motoni."

Alimleta kabla jua halijatoka. Alisimama mlangoni pa banda akatazama kila pembe, akatazama moto uko wapi, akaingiza mkono chini ya magunia. Kisha akaenda. Kesho yake alikuja na jirani yake mwenye watoto wawili, na baada ya hapo wakaja wengi, wa Kikuyu na wa Kipsigis na familia moja ya Waturkana, hata memsabu akatuongezea mama mmoja wa kutusaidia kuteka maji.

Walipojaa banda nilifurahi. Nilimwambia shangazi kwamba angalau wengi wao wameshiba, atazame vitambi vyao na mashavu yao. Siku hiyo hiyo nilimwosha miguu mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa na nywele nyekundu nyekundu, nyepesi kama nyuzi za mahindi. Nilimshika mguu, kidole changu cha gumba kikazama, na nilipokiondoa kiliacha shimo. Nilingoja shimo lijae. Halikujaa. Nikambonyeza mwingine, na mwingine. Karibu nusu ya banda walikuwa hivyo, wamejaa maji ya njaa chini ya ngozi, na mimi siku zote hizo nilikuwa nikiwasifu unene.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Shamba lilikuwa na ng'ombe wengi. Maziwa yaliondolewa malai, ile krimu ya juu, malai ikapelekwa mjini, na yaliyobaki yakamiminwa kwenye kihori cha nguruwe. Asubuhi moja nilimwona yule mtoto wa nywele nyekundu ameegemea ukuta wa zizi la nguruwe, anatazama debe likimiminwa. Hakuomba. Alikuwa anatazama tu, kama watoto wa mjini wanavyotazama garimoshi.

Nilimwita shangazi aone. Shangazi, ambaye tangu tufike hakuwa amepita upande huo kwa sababu ya nguruwe wenyewe, alijifunika pua na kanga, akatazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye veranda ya memsabu. Nilimfuata mbio nikijua tutafukuzwa.

"Memsabu," akasema, bila salamu, "nguruwe wako wanakunywa maziwa na watoto wa watu wanakunywa maji."

Memsabu aliweka kikombe chini. Uso wake uliiva. "Kwa nini hapana sema mimi?"

"Ndiyo nakwambia."

Mchana ule alishuka nasi laini. Alikuwa ameishi shambani hapo tangu aolewe, na nilivyoelewa, hakuwahi kuingia kibanda hata kimoja. Alipotoka kwenye cha pili alishika mwimo wa mlango akasimama hivyo, na akasema neno la Kiingereza ambalo shuleni sikufundishwa. Tangu kesho yake maziwa yakawa yanakuja bandani kwanza. Nguruwe walipata kilichobaki, na hakikubaki kitu.

Nitasema kweli kwamba miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Nywele zilirudia weusi wake. Miguu ilinywea, ikawa miembamba, miguu ya watoto wa kawaida. Siku za mvua, pareto isipochumwa, akina mama walikuja wenyewe, wakakaa kwenye magunia, nikawafundisha kukata na kushona nguo za watoto kutoka kwenye mashuka makuukuu ya memsabu. Yule mama kijana alikuwa na mkono mwepesi wa sindano. Aliniambia siku moja kwamba mumewe amechukuliwa na askari, hajui yuko kambi gani, naye alisema hivyo akipitisha uzi tunduni, bila kuinua macho. Mtoto wake ndiye aliyechelewa kuliko wote. Kwa siku nyingi alikaa mahali shangazi alipomweka, hasogei. Lakini shangazi alimbeba mbeleko akifagia, akipika, akiteta na kuni mbichi, mpaka mtoto akaanza kumfuata kwa miguu yake, na neno lake la kwanza mbele yetu lilikuwa la Kiswahili. Alisema, "Ongeza."

Kisha yakaja malori.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, na niliyasikia kabla sijayaona. Nilidhani ni ya ngano. Baadaye nikasikia sauti za wanawake, wengi kwa pamoja, nikatoka. Chini kwenye shamba la pareto askari walikuwa wamepanga mstari, na wanawake wa Kikuyu walikuwa wakitolewa katikati ya maua na kusukumwa kwenye malori na vikapu vyao bado mgongoni. Amri ilikuwa imetoka. Wakikuyu wote waondolewe kwenye mashamba ya Wazungu, warudishwe "kwao", yaani kwenye wilaya ambazo wengine wao hawakuwahi kuziona. Memsabu alikuwa barabarani, kofia imemwanguka, akimpigia kelele afisa mmoja kijana wa kizungu. Afisa alikuwa akitikisa kichwa tu.

Mmoja wa wanawake aliniona. Akapiga ukelele, "Mwalimu! Watoto! Watoto wako kwa banda!"

Ndipo nilipoelewa kinachotokea. Nilikuwa na banda limejaa watoto, na mama zao walikuwa wanaondoka. Sikumbuki nilivyorudi juu. Nakumbuka nikiwa mlangoni nikimwambia shangazi, "Wanawachukua, wanawachukua," na yeye akiwa na mwiko mkononi akiniuliza nani, nani.

Tuliteremka na watoto wote wa Kikuyu, wadogo tumewabeba, wakubwa wanashikana mikono, yule mama wa kuteka maji akiwafukuza nyuma kama kuku. Lori la kwanza lilikuwa limekwisha kuondoka. La pili lilikuwa linaunguruma. Nilimkimbilia afisa nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba hawa ni watoto wao. Aliangalia watoto. Nilimwona ameshtuka, maana masikio yake yalibadilika rangi, lakini akasema lori haliwezi kungoja, watoto watafuata baadaye. Akampungia dereva mkono.

Shangazi alikuwa amesikia "baadaye" bila kujua Kiingereza. Alikwenda mbele ya lori, akatandika kanga kwenye matope, akakaa juu yake.

"Nipitie juu," akamwambia dereva. "Mimi sina mtoto, sitaacha yatima. Wewe pita tu."

Dereva alikuwa Mwafrika kama sisi. Alizima injini. Afisa alipiga kelele, askari mmoja akamshika shangazi bega, akashindwa kumwinua, na wakati huo huo memsabu na mimi tulikuwa tayari tunawapandisha watoto kwa nyuma. Mikono ilitoka kwenye lori kama matawi. Kila mama aliita jina la wake, na wale ambao mama zao walikuwa wametangulia walipokelewa na majirani. Nilimkabidhi yule mtoto aliyekuwa na nywele nyekundu. Mama yake alimvuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alinishika kichwa, akanibonyeza tu, akaniachia. Lori liliondoka. Shangazi alikuwa bado amekaa kwenye matope pembeni, na maua ya pareto yalikuwa yametapakaa barabara nzima.

Tuliporudi bandani tulikuta uji umeungua. Watoto wa Kipsigis na wa Kiturkana walikuwa wamekaa kimya ukutani. Na nyuma ya magunia yaliyopangwa kona ya mwisho nilisikia mtu anapumua. Nilivuta gunia moja. Alikuwa yule msichana mdogo. Katika zile ghasia alikuwa amejificha, na sisi tuliokimbia tukidhani tumewabeba wote tulikuwa tumemwacha. Mama yake alikuwa kwenye lori la kwanza.

Memsabu alituchukua na gari lake siku ile ile mpaka Nakuru. Nje ya mji kulikuwa na kambi iliyozungushiwa waya, ambako watu waliotolewa mashambani walishikiliwa kabla ya kusafirishwa. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikiwa kwetu, upande wa pili wa barabara, bila kuuliza ni nini. Siku hiyo askari walitukataza. Kesho yake pia. Siku iliyofuata tulitembea kandokando ya waya, shangazi akiita kwa ile sauti yake, mpaka watu wa ndani wakaanza kuitana, na yule mama akaja.

Hata siku hizo chache zilikuwa zimemla. Midomo ilikuwa imepasuka. Alipomwona mtoto aliingiza vidole kwenye waya akamgusa shavu, mdomo, sikio, kama kipofu.

"Tumekuletea," nikasema. "Ngoja nimwite askari afungue."

"Usimwite."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Hapa watoto wanaharisha," akasema. "Kila asubuhi wanatoa mmoja amefungwa kwa blanketi. Na huko tunapelekwa, mimi sina nyumba, sina shamba, sijui mtu. Baba yake sijui kama yuko hai. Kaa naye, mwalimu. Nyinyi mna maziwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nije."

Nilikuwa msichana sijaolewa. Nilisimama pale nikiwa na mtoto wa mtu mkononi. Ni shangazi aliyejibu. Alisema, "Tutakaa naye, mama. Hatamwita mwingine mama. Mimi ataniita bibi." Basi yule mwanamke aligeuka, akatupa mgongo. Mtoto alikuwa analia sasa, analia kwa sauti, lakini mama hakugeuka tena. Aliondoka taratibu, mikono ameikumbata kifuani, mpaka akapotea kati ya watu.

Nyumbani baba alikuwa na tepu ya kupimia shingoni. Hakuuliza mtoto ametoka wapi. Alisikiliza yote, akashuka kwenye kiti, akampima kifua na urefu, akasema, "Kitambaa cha buluu kimebaki kidogo. Kitamtosha."

Banda lilifungwa kwa ukosefu wa vibarua; baada ya miezi kadhaa memsabu alipata wapya, Waluhya na Wakipsigis, nasi tukarudi Mau Narok na mtoto wetu. Banda likajaa tena. Yule msichana alikua humo. Shangazi alimsuka nywele na kumfundisha salamu, na Kikuyu chake, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzungumza naye, kikatoka kichwani mwake kidogo kidogo bila sisi kugundua. Tulipokea habari moja tu kutoka kwa dereva wa lori, kwamba watu wa shamba letu wamewekwa kwenye vijiji vya kulindwa na askari, na njaa ni kali. Baada ya hapo kimya. Nilianza kuamini kwamba yule mama amekufa. Sikumwambia mtu.

Alikuja mchana, baada ya miaka, Wakikuyu walipoanza kuruhusiwa kurudi mashambani. Watoto walikuwa wanakula nje. Niliona mwanamke amesimama karibu na kisima, mwembamba, kitambaa kimefika kwenye nyusi, anawatazama watoto mmoja mmoja. Nilidhani anatafuta kazi. Msichana wetu, ambaye sasa alikuwa ameng'oka meno ya mbele, aliweka sahani chini akamwendea kwa adabu, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mtoto wangu," akasema mwanamke.

"Yupi?"

Kwa sauti yake nilimtambua yule mwanamke. Na yeye, kwa kunitazama mimi nilivyoshtuka, akamtambua mwanawe. Akakaa pale chini kwenye matope ya kisima. Alimwambia mtoto maneno kwa Kikuyu, mengi, upesi upesi, mikono imenyooshwa. Mtoto alinitazama mimi.

"Anasema nini?" akauliza.

Uso wa yule mama wakati ule sijaweza kuusahau, na nimejaribu. Mtoto alikuwa amekwisha kukimbilia kwa shangazi, amejificha nyuma ya kanga.

Shangazi alimsukuma mbele. "Nenda. Huyo ndiye mama yako niliyekuambia." Lakini sauti yake haikuwa ile ya mwadhini, na mtoto hakwenda.

Yule mama hakumlazimisha. Aliomba kazi ya pareto, akapewa kibanda laini. Nyapara mpya hakumsumbua. Kila adhuhuri alipanda bandani na kukaa mbali kidogo na mtoto, akila alichokula yeye. Alizungumza Kiswahili tu. Alimuuliza mtoto majina ya wenzake, akayasahau makusudi ili amuulize tena. Siku nyingine alileta sindano, akashona karibu yake. Ilichukua kiangazi kizima. Siku moja mtoto alimuuliza kama ni kweli laini kuna mbwa aliyezaa, na mama akasema ni kweli, watoto bado hawajafungua macho. Mtoto akamwomba shangazi ruhusa akawaone. Akaenda ameshikwa mkono, akarudi. Kesho yake akaenda tena, akalala huko.

Tangu hapo akawa anakuja bandani asubuhi kama watoto wengine wote, na jioni anafuatwa na mama yake kama watoto wengine wote. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga tangu mwanzo iwe, mimi na shangazi na memsabu. Jioni ile ya kwanza mtoto alipolala laini, shangazi alikaa mbele ya sahani yake, hakula. Nilimwambia chakula kinapoa. Alitazama huku na huku ndani ya chumba chetu kidogo.

"Mbona nyumba imekuwa kubwa hivi?" akasema.